"Gitaa la kesi" na bei yake

Ukiulizia gitaa la umeme la Kijapani la miaka ya 1970, muuzaji hakawii kukwambia kuwa alilonalo ni "gitaa la kesi". Papo hapo bei inapanda. Basi ni vyema kuijua kesi yenyewe kabla ya kutoa fedha.

Mwaka 1977 Norlin, kampuni iliyomiliki watengenezaji wa magitaa Gibson, iliishtaki Elger, msambazaji wa magitaa ya Kijapani ya Ibanez nchini Marekani. Iliyolalamikiwa ni sura ya kichwa cha gitaa, pale nyuzi zinapokazwa, kwamba iliiga ya Gibson. Ubora wa mbao au utamu wa sauti haukuwa hoja. Ibanez walikuwa wameshabadilisha kichwa hicho, na mwaka 1978 pande hizo zikamalizana nje ya mahakama. Greco na Tokai, chapa nyingine za Kijapani ambazo nazo huuzwa kwa jina la "gitaa la kesi", hazikuwamo katika shauri hilo.

Ubaya wa jina hili ni kwamba linafunika tofauti kubwa. Magitaa mengi ya Ibanez ya mwanzoni mwa muongo ule, yaliyoiga Les Paul ya Gibson, yalifungwa shingo kwa skrubu, na mwili ulikuwa wa mbao za tabaka wenye uwazi chini ya uso. Miaka michache baadaye, kiwanda cha FujiGen mjini Matsumoto, kilichotengeneza Ibanez, kilikuwa kikigundisha shingo kwa gundi kwenye mbao ngumu isiyo na uwazi. Hayo ya pili ndiyo yenye thamani. Geuza gitaa: ukiona bamba la chuma lenye skrubu nne shingoni, usikubali bei ya lile la gundi.

Umri wa gitaa usomwe kwenye namba yake ya mfululizo. Katika Ibanez za FujiGen za wakati huo, herufi ya kwanza ni mwezi, A ikiwa Januari na L Desemba, na tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka. G78 ni Julai 1978.

Kisha kagua shingo, na hapa usiwe na haraka. Bana uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, utazame nafasi iliyobaki katikati: iwe ndogo mno, lakini iwepo. Chunguza nyuma ya kichwa kama kuna ufa uliozibwa kwa rangi. Swichi inayokwaruza husafishwa ikapona. Freti zilizolika hubadilishwa, ila gharama yake itolewe kwenye bei. Shingo iliyopinda huku fimbo yake ya ndani imekwisha kukazwa hadi mwisho, achana nayo, hata muuzaji akupunguzie nusu.