Kiyoyozi Kisichopoza: Vumbi, Umeme na Gesi Inayosingiziwa

Mji wa Singida umekaa kwenye uwanda wa juu, takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai wakazi wake hutafuta blanketi, hivyo kiyoyozi hakijawa kifaa cha kila nyumba kama kilivyo katika baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam. Hata hivyo, ifikapo Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijashika, mchana chini ya bati lisilo na dari huwa mkali, na maduka ya dawa, benki, ofisi na nyumba za wageni hukitegemea sana. Dawa nyingi huandikwa kwenye boksi kwamba zisihifadhiwe katika joto linalozidi nyuzi 30 za Selsiasi, kwa hiyo kiyoyozi kikizima katika stoo ya dawa, hasara yake haiishii kwenye jasho la muuzaji.

Kiyoyozi hakitengenezi baridi, bali huhamisha joto kutoka ndani kulipeleka nje. Kazi hiyo hufanywa na gesi maalumu inayozunguka katika mabomba yaliyozibwa: ndani ya chumba hugeuka kutoka kimiminika kuwa mvuke na kufyonza joto, kisha kompresa, yaani pampu iliyo katika mashine ya nje, huikandamiza ili ilitoe joto hilo nje na kurudi kuwa kimiminika. Kwa kuwa mzunguko huo umefungwa, gesi haiishi kwa kutumika kama mkaa unavyoisha jikoni. Ikipungua, pana tundu au kiungo kinachovuja. Hata hivyo, mashine inapopoza hafifu, tiba inayotajwa kwanza na wengi ni kujaza gesi, ilhali katika mkoa wenye upepo mkavu kama Singida, cha kuchunguzwa kwanza ni vumbi.

Kifuniko cha mbele cha mashine ya ndani kikiinuliwa, huonekana wavu mwembamba wa plastiki uitwao filta, na wavu huo ukielekezwa dirishani ukawa na rangi ya udongo kiasi kwamba mwanga haupenyi, ni dhahiri kuwa hewa nayo haipenyi. Huoshwa kwa maji na sabuni laini, hukaushwa kivulini kwa sababu jua kali hukunja plastiki, na wakati wa kiangazi ni vema kazi hiyo ifanyike kila baada ya wiki mbili. Filta iliyoziba huleta jambo linalowachanganya wengi: mabomba ya ndani huganda barafu, mwenye chumba akadhani mashine inapoza kupita kiasi, kumbe hewa ya chumba haifiki kwenye mabomba kuyapa joto. Barafu hiyo yaweza pia kuletwa na upungufu wa gesi, na namna ya kutofautisha ni kusafisha filta, kuacha feni peke yake izunguke mpaka barafu iyeyuke, kisha kuwasha upya. Barafu ikirudi ilhali upepo unatoka vizuri, hapo gesi inastahili kushukiwa. Mashine ya nje nayo ina mapezi membamba ya alumini yanayoshika vumbi na majani makavu, nayo husafishwa kwa maji yasiyo na kasi kubwa, baada ya umeme kuzimwa kwenye swichi kuu, kwa maana maji ya kasi huyalaza mapezi na kuzuia hewa kabisa.

Chanzo cha pili ni umeme. Nguvu ya kawaida nchini ni volti 230, na inaposhuka sana kompresa huunguruma bila kuanza, huku ikivuta mkondo mkubwa unaochoma nyaya zake. Hatari hujitokeza pia umeme unaporudi ghafla baada ya kukatika, kwa kuwa shinikizo ndani ya mabomba huhitaji dakika tatu hadi tano kusawazika. Ndiyo maana inafaa kuwa na kifaa cha kulinda umeme kinachochelewesha kuwasha. Iwapo feni ya nje inazunguka lakini kompresa haianzi, mara nyingi kilichokufa ni kapasita, kifaa kidogo cha kuisaidia kuanza, ambacho hubaki na chaji hata umeme ukizimwa, hivyo si cha kuguswa na asiye fundi.

Maji kudondoka ukutani ni tatizo la mwanzo wa mvua hasa, kwani hewa kavu ya kiangazi huacha maji machache, na vumbi lililolala kwenye sinia la ndani hugeuka tope mara unyevu unapoongezeka, likaziba bomba la kutolea maji.

Gesi inapothibitika kupungua, aina yake husomwa kwenye kibati cha mashine ya nje. R-22, inayodhuru tabaka la ozoni, inaondolewa kwa mujibu wa Itifaki ya Montreal ya 1987. R-410A hufanya kazi kwa shinikizo kubwa zaidi, na R-32 huweza kushika moto, kwa hiyo haifai kuchanganya moja na nyingine. Mwenye mashine anayo haki ya kutaka aonyeshwe kwanza panapovuja, mahali ambapo maji ya sabuni yakipakwa hutoa mapovu, na pazibwe kabla mtungi haujafunguliwa.