Unataka Forester XT na Unaishi Ukunda? Soma Hii Kabla Utoe Doo

Msee, kwa ile barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga hakuna ndai inageuza vichwa kama Forester yenye tundu kwa boneti. Tangu Colin McRae ashinde Safari Rally 1997 na Impreza, Wakenya hawajawahi pona Subaru. Sasa umepata XT, SG5 ama SH5, bei poa, maileji imesonga. Itadumu? Itadumu, bora uwe na ganji ya sevisi kando.

Anza na oili. Turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na inashikiliwa na utando mwembamba wa oili tu. Badilisha kila kilomita 5,000, weka sinthetiki, na ucheki dipstiki kila wiki, juu injini hizi za EJ hupenda kula oili hata bila kuvuja. Ukitoka Kombani ukipanda mlima wa Kwale umekanyaga, usizime ukifika tu. Iache ingurume dakika moja au mbili. Ukizima papo hapo, oili iliyobaki kwa turbo inaungua na kuwa masizi.

Taimingi belti ni kilomita 100,000. Ikikatika, pistoni zinagonga valvu, na hapo unafungua injini yote. Muuzaji hana risiti? Hesabu haijawahi badilishwa. (XT za kuanzia mwisho wa 2012, zenye FA20, zina cheni.)

Lakini penye watu huchomeka sana ni tairi. Moja imepasuka Msambweni, unatafuta mtumba moja, unafunga, unasonga. Gari ya kuvuta magurudumu mawili itakusamehe. Hii inavuta yote manne, so tairi yenye mzingo tofauti inazunguka kwa kasi yake, na ule mfumo wa kugawa nguvu mbele na nyuma haupumziki hata kwa lami iliyonyooka. Unapata moto, unaisha pole pole. Subaru wenyewe hutaka tofauti ya mzingo isizidi milimita 6 hivi. Ukikata kona kali kwa paking na gari inakwama-kwama kama imeshikwa breki, ujue shida imeanza. Nunua zote nne pamoja, saizi moja, aina moja. Inauma, najua, lakini bei ya giaboksi itakulaza njaa.

Na ile kontenti ya kupiga drifti ufuoni Diani mawimbi yakigonga magurudumu? Achana nayo. Hata ukipaki tu karibu na bahari, upepo unakuletea chumvi. Osha chini ya gari kila wiki kwa maji ya bomba. Kama kisima cha ploti yenu kina chumvi, hayo ni ya kudeki.

Siku ya kununua, enda na fundi wako na tochi. Angalia kutu chini, haswa nyuma ya magurudumu. Washa injini ikiwa baridi kabisa na mcheki moshi: wa bluu ni oili inaungua. Ukipata muuzaji ashaipasha moto "ndio usingoje", mwambie utarudi kesho asubuhi, na asiiguse.