Samaki Akiugua Kasulu, Anza na Maji

Mfugaji akikuta sato wawili watatu wanaelea ubavu, swali lake la kwanza huwa ni dawa gani aweke bwawani. Huku nyanda za juu za Kigoma, kwa watu wa Kasulu na Kibondo, swali hilo huulizwa mapema mno. Mara nyingi ugonjwa huanzia kwenye maji: yamepoa kupita kiasi, yamepungukiwa oksijeni au yamejaa uchafu. Bakteria, fangasi na vimelea huja baadaye na kumkuta samaki kinga yake imeshalegea. Ukimwaga dawa kwenye maji yaleyale, fedha itakwenda na samaki wataendelea kufa.

Baridi ndiyo ya kwanza kushukiwa. Mji wa Kigoma uko kando ya Ziwa Tanganyika, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukipanda kwenda Kasulu na kuendelea hadi Kibondo unavuka mita 1,000, na usiku wa Juni na Julai watu hulala na mablanketi. Sato na perege hustawi kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Joto likishuka chini ya 20, hamu ya kula hupungua na kuzaliana husimama. Likikaribia 16, karibu waache kula kabisa. Mfugaji asiyejua hilo huendelea kutupa pumba kama kawaida. Pumba hizo huzama, huoza, humaliza oksijeni na kuzalisha amonia inayounguza matamvua.

Kuna pia desturi inayozidisha tatizo. Mabwawa mengi huchimbwa mabondeni na kuunganishwa na chemchemi au kijito, kisha mfereji huachwa wazi usiku na mchana kwa imani kwamba maji yanayotembea ndiyo mazima. Kumbe mkondo huo huondoa joto lote ambalo jua limeliweka mchana, pamoja na mwani ambao ni chakula cha samaki.

Uchunguzi mzuri hufanyika alfajiri, kabla jua halijachomoza. Usiku kucha samaki na mwani wote wametumia oksijeni bila kuizalisha, kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi ndipo maji huwa maskini kuliko wakati wowote. Simama kimya ukingoni. Samaki wakiwa wamejipanga juu ya maji, midomo wazi, hasa pale mfereji unapoingilia, wamekosa hewa. Rudi saa nne. Kama wameshashuka chini, tatizo ni oksijeni ya usiku. Kama bado wanahema juu hali jua limewaka, shuku matamvua yenyewe: yameharibiwa na amonia au yamevamiwa na vimelea. Kambare usimhukumu kwa kipimo hicho, maana ameumbwa na kiungo cha kuvuta hewa ya juu, na kupanda kwake ni jambo la kawaida.

Kisha tumbukiza mkono wima, kiganja kimekunjwa kuelekea juu. Kiganja kikipotea machoni maji yanapokaribia kiwiko, ukijani unatosha. Kikipotea kwenye kifundo cha mkono, mwani umezidi na usiku utakuwa mgumu. Punguza samadi na chakula. Ukikiona hata maji yakipita kiwiko, bwawa lina njaa.

Sasa vua samaki watano hivi, na mmoja wao awe anayeonekana mzima. Lowesha mikono kwanza, kwa sababu mkono mkavu huondoa ute unaomlinda. Inua kifuniko cha shavu: matamvua yenye afya ni mekundu kama damu mbichi. Yakiwa yamepauka, yamegeuka kahawia au yamefunikwa na ute mzito, umepata jibu la kuhema kwake. Tazama ngozi. Nyuzi nyeupe mfano wa pamba ni fangasi, na mara nyingi hukaa juu ya kidonda kilichoachwa na wavu msimu wa baridi. Mapezi yaliyochanika na kuwa mekundu pembeni, macho yaliyotokeza na tumbo lililovimba hadi magamba kusimama, hizo ni dalili za bakteria waliokwishaingia ndani. Anayejisugua kwenye kingo ana vimelea vya ngozi. Mwenye kichwa kikubwa na mwili mwembamba ana njaa ya muda mrefu au ana minyoo.

Matibabu huanza kwa kuacha kulisha siku moja au mbili. Toa wafu wote na uwafukie mbali na kijito. Badilisha robo ya maji wakati wa jua kali, halafu funga mfereji. Ila samaki wakihema alfajiri, fungua mara moja na uyaangushe maji kutoka juu, kwenye bomba au ubao, ili yachukue hewa. Siku hiyo baridi ni madhara madogo kuliko kukosa pumzi.

Kwa fangasi na vimelea vya nje, chumvi husaidia, nasi tumebahatika kuwa na Uvinza katika mkoa huuhuu, ambako chumvi imechemshwa kutoka maji ya chemchemi kwa zaidi ya miaka 1,000. Yeyusha gramu 200 katika ndoo ya lita 20 za maji ya bwawa lilelile, muogeshe samaki kwa dakika 10, na usiondoke hapo. Akilala ubavu kabla ya muda, mrudishe. Vidonge vya tetrasaiklini vilivyobaki nyumbani visiingie bwawani: dozi haipimiki, na bakteria hujifunza kuvishinda. Wakiendelea kufa, mwite afisa uvuvi wa halmashauri, au wasiliana na kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) cha Kigoma. Peleka samaki mgonjwa aliye hai. Aliyeoza hasemi kitu.

Kanuni hizi zinamhusu pia anayefuga samaki wa mapambo sebuleni. Beta, yule mwenye mapezi marefu mwenye asili ya Thailand, huvuta hewa ya juu kama kambare, kwa hiyo kupanda kwake kusikutishe. Bali akilala chini, rangi imefifia na mapezi yamebana, pima joto: anahitaji nyuzi 24 hadi 28, na bakuli dogo Kasulu hupoa upesi sana usiku. Mhamishie kwenye chombo kikubwa chenye kifuniko, mbali na dirisha, upandishe joto polepole, na ubadilishe robo ya maji kwa maji ya bomba yaliyolala usiku mzima kwenye ndoo wazi.

Samaki wakichangamka, walishe mchana maji yakiwa yamepata joto, kiasi wanachomaliza kwa robo saa. Vifaranga wageni watenge kwa wiki mbili tatu kabla ya kuwachanganya. Kirusi cha sato kilichoripotiwa mwaka 2018 katika Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na wa Uganda, hakina dawa, na kikiingia bwawani kwako kinaweza kusafiri mbali, kwa kuwa maji ya mabonde yetu huishia Mto Malagarasi, ambao ardhioevu yake iliwekwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu mwaka 2000, ya kwanza nchini.

Nunua kipimajoto na daftari. Andika joto la maji kila asubuhi na uandike samaki wamekula vipi. Baada ya mwaka mmoja utaijua Juni kabla haijafika, na utapunguza chakula na kufunga mfereji wakati samaki wako wangali wazima.