Pareto: Kuanzisha Ua Linaloua Wadudu

Mahindi ukiisha kuyavuna, mmea wake umekufa, na msimu unaofuata itakupasa kuanza tena. Lakini kuna mimea ya maua isiyokufa baada ya kuzaa. Vijiti vya juu hukauka, lakini mizizi hubaki hai, na mvua zikirudi huchipua tena. Mmoja wa mimea hiyo ni pareto, ua jeupe lenye moyo wa manjano, ambalo wengine kwetu Kivu huliita piretri. Ukilianza vizuri katika kitalu, litakupa maua kwa muda wa miaka mitatu hivi.

Je, kitabu cha hospitali kina habari gani na maua? Ni kwa sababu ua hili huua chawa, viroboto, kunguni na mbu, na wadudu hawa si wa kuchekwa. Katika Burundi, mnamo mwaka 1997, chawa wa mwili walieneza homa ya tifusi, na watu makumi ya maelfu waliugua, hasa katika makambi ya wakimbizi. Katika Ituri tauni haijakwisha, nayo huletwa na viroboto wa panya. Hapo angalieni jambo ambalo wengi hawalijui: ukiua panya kabla ya kuua viroboto, viroboto huuacha mzoga uliopoa na kutafuta damu ya moto, yaani yako na ya watoto wako. Viroboto wauawe kwanza.

Pareto ilitoka Dalmatia, pwani ya nchi iitwayo leo Kroatia. Ilifika Kenya mwaka 1928, na katika miaka ya 1930 ilikuwa imekwisha kupandwa katika milima ya Kivu. Inapenda baridi. Pasipo usiku wa baridi hutoa majani mengi na maua machache sana. Kwa hiyo wenye mashamba ya juu, kupita meta 1,800, ndio watakaofaidi. Ndugu zetu wa Kisangani na Kalemie wasijisumbue. Wao wana michikichi.

Sasa, tupande lini? Mche hukaa kitaluni miezi mitatu au minne kabla ya kwenda shambani. Kwetu mvua kubwa huanza Septemba. Basi hesabuni kurudi nyuma: mbegu ziingie ardhini mwezi wa Mei au mwanzo wa Juni. Ni kweli kwamba wakati ule ni kiangazi, kwa hiyo kitalu kiwe karibu na kijito. Kazi ya kuchota maji ni nzito, lakini miche iliyochelewa huenda shambani mvua zikiwa zimekwisha kupita nusu, na kiangazi cha pili huikuta ikiwa na mizizi mifupi.

Mbegu ya pareto ni ndogo na nyembamba, tena huzeeka upesi. Usinunue kwa kuangalia rangi tu. Chukua mbegu 20, ziweke juu ya kitambaa chenye maji ndani ya sahani, uzifunike, wala usiache kitambaa kikauke. Baada ya majuma mawili au matatu uzihesabu. Zikiota 12 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiota 4, upande kwa wingi zaidi au utafute nyingine. Jambo hili dogo huokoa kazi ya miezi minne.

Kitalu kiwe na upana wa meta moja, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Kiinuliwe kidogo, kwa maana pareto haivumilii maji yaliyotuama. Vunja udongo mpaka uwe laini, uchanganye na mbolea iliyooza kabisa. Changanya mbegu na mchanga mkavu, uzimwage katika mistari, kisha uzifunike kwa udongo mwembamba sana. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: huzifukia kama maharagi, nazo hazitoki. Juu yake tandaza majani makavu, unyunyize maji kwa upole. Zikianza kuota, ondoa majani yale polepole, ujenge kichanja kidogo cha kivuli. Maji yawe ya kiasi. Miche ikilowa mchana na usiku huoza shingoni na kulala chini.

Mche ukifikia urefu wa kidole kirefu, punguza kivuli siku kwa siku ili uzoee jua. Uhamishwe siku ya mawingu, mstari na mstari sentimeta 60, mche na mche sentimeta 30. Maua ya kwanza huonekana baada ya miezi mitatu au minne. Mimea iliyotoka katika mbegu haifanani: mingine huzaa sana, mingine kidogo. Tia alama kwenye iliyo bora. Baadaye utaweza kuipasua shina na kupanda vipande vyake, navyo vitafanana na mama yao.

Chuma ua likiwa limefunguka vizuri, petali zimelala wazi. Nguvu ya dawa haimo katika petali nyeupe, bali katika mbegu changa zilizo moyoni mwa ua. Kausha upesi, mahali penye hewa. Kilo 4 au 5 za maua mabichi hutoa kilo 1 makavu. Saga, utie katika chupa iliyofungwa, uiweke gizani, maana mwanga huharibu dawa hii.

Unga hunyunyizwa katika nyufa za kitanda na pembe za nyumba. Funga pua kwa kitambaa unaposaga. Mwenye pumu asifanye kazi hiyo. Usitie unga juu ya kidonda, machoni, wala mwilini mwa mtoto mchanga. Usiutupe mtoni, kwa kuwa huua samaki. Tena haushiki nafasi ya chandarua: dawa inayotiwa katika vyandarua vya sasa iliundwa kwa kuufuata mfano wa pareto, nayo hudumu muda mrefu, lakini unga wetu huisha nguvu baada ya siku chache.

Kabla ya kuchuma maua yote, acha machache ya mimea ile bora yakauke shambani mpaka yawe ya kahawia. Yawe ya mimea kadhaa iliyo karibu, kwa maana pareto moja peke yake haijizalii mbegu. Yapukuchulie kivulini, ziweke mbegu katika karatasi pakavu, nazo zipandwe mwezi wa Mei unaofuata.