Kuhesabu Habari za Korosho katika Intaneti

Mnamo Oktoba 2018 wakulima wa korosho wa Masasi na Newala walizikataa bei za wanunuzi mnadani. Tarehe 12 Novemba Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Habari hizo zilienea katika tovuti. Je, zilimsemea nani zaidi: mkulima, mnunuzi au serikali? Mtafiti hawezi kujibu kwa kusoma zile zimpendezazo tu. Hana budi kuhesabu.

Kwanza, huchagua sampuli kwa bahati nasibu. Kwa kuwa kurasa za intaneti hubadilishwa na kufutwa, kila moja huhifadhiwa pamoja na tarehe yake. Habari iliyonakiliwa na tovuti kumi isihesabiwe mara kumi, isipokuwa kinachopimwa ni uenezi wake.

Pili, huhesabu maneno. Kiswahili hubeba viambishi vingi: kompyuta itafutayo neno zima “mkulima” huacha “wakulima”. Ikiambiwa itafute “kulima” ndani ya maneno, hupata yote mawili, lakini hukusanya pia kitenzi “kulima”. Hivyo orodha ya maneno hujaribiwa kwanza juu ya habari chache.

Tatu, hupima maana. Wasomaji wawili, kila mmoja peke yake, huamua kama habari inamtetea mkulima au la. Tuseme wamekubaliana katika habari 80 kati ya 100, na kwa kubahatisha tu wangekubaliana katika 50. Kwa kanuni aliyoitoa Jacob Cohen mwaka 1960, ziada ya 30 hugawanywa kwa 50 iliyobaki: makubaliano halisi ni 0.60, wala si 0.80.

Hata hivyo, hesabu hupima maandishi, haipimi maisha. Lupaso, wilayani Masasi, ndiko alikozaliwa Rais Benjamin Mkapa mwaka 1938 na alikozikwa Julai 2020. Atakayehesabu jina “Lupaso” mwezi huo ataliona likipanda ghafla, ingawa mashambani hakuna kilichobadilika. Na mkulima asiyeandika katika intaneti huhesabiwa sifuri, hata magunia yake yakijaza ghala. Kwa hiyo mtafiti mwangalifu, akiisha kuhesabu, hufunga safari kwenda kijijini kuuliza.