Kuja Hata na Mikono Mitupu: Likelemba, Vumbi na Afya Yetu ya Kolwezi



Wengi wetu tukisikia neno "afya" tunawaza hospitali na dawa. Tukisikia "furaha" tunawaza kontra mu kampuni ya migodi. Miye pia niliwaza vile, mpaka kontra yangu ya miezi sita ilipomalizika na hakuna aliyeniita tena. Mwaka ule nilijifunza kitu ambacho bamama zetu wanakijua bila lisansi: mazoea madogo ya kila siku yanalinda mwili na moyo, lakini yanashika vizuri pale kuna watu wanaokungojea.

Nilikuwa nakaa chumba cha kupanga hapa Manika. Kila siku ya posho (wenzetu wa pwani wanaiita Jumamosi) tulikuwa na likelemba katika lupango. Watu 10, kila mtu analeta franga 10,000, mmoja anabeba 100,000, na wiki inayofuata ni zamu ya mwingine. Tulikuwa na kese ndogo pia, kwa ajili ya ugonjwa na kilio. Franga ziliponiishia, niliona haya. Mama anayeuza ndizi barabarani analipa kila wiki, na miye mwenye diploma ya agronomia nije mikono mitupu? Nikaacha kwenda. Nikafunga mlango, nikabaki na telefone. Nilikula bukari mara moja kwa siku, nililala saa nane za usiku. Halafu homa ikaja. Nikasema ni uchovu tu. Siku ya tatu sikuwa na nguvu hata ya kuchota maji.

Jioni ile mama mmoja wa likelemba akapiga hodi. Nikadhani amekuja kudai, nikaanza kujitetea kutoka kitandani. Akanikata: "Haiko franga njo natafuta. Natafuta weye. Mara mbili hukukuya." Yeye na mtoto wake mkubwa wakanipeleka kituo cha afya. Nilipimwa, ikawa malaria, na dawa zikalipwa kwa ile kese. Muuguzi aliniambia neno moja tu: "Uko na bahati ya kuwa na batu." Malaria inatibika ikipimwa mapema, ikicheleweshwa, inaua. Dawa haikukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kujua kama niko mgonjwa, na miye mwenyewe njo nilikuwa nimemfungia mlango.

Nilipopona nikaanza kusoma juu ya jambo hili. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake huko Marekani walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 308,000. Waliona kwamba wenye uhusiano imara na wengine walikuwa na nafasi kubwa zaidi, kama asilimia 50, ya kuwa bado hai mwishoni mwa muda wa utafiti. Chuo Kikuu cha Harvard nacho kilianza mwaka 1938 kufuatilia maisha ya wanaume 724, na baadaye familia zao. Robert Waldinger, anayeongoza kazi ile, amesema mara nyingi kwamba uhusiano mzuri na watu unatabiri afya ya uzee na furaha kuliko mali au sifa.

Huku kwetu hatuna haja ya kwenda mbali. Jina "siku ya posho" linatoka wakati kampuni ilikuwa inagawa unga kwa wafanyakazi. Kampuni ilitoa chakula, nyumba, shule na hospitali. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka Gécamines katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Posho ikakatika, lakini watoto walikula. Wazazi wengi walirudi kwa jembe, kwa biashara ndogo ya soko na kwa likelemba. Jina la siku likabaki, na siku hizi katika lupango nyingi ni majirani njo wanagawiana.

Sasa niseme kama mtu wa agronomia, maana hapa Kolwezi afya ina adui anayeingia bila hodi: vumbi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa KU Leuven ya Ubelgiji walichapisha uchunguzi juu ya Kasulo, kartié ambako tangu 2014 watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao. Walipima mkojo na damu ya wakaaji 72. Kobalti ilikuwa nyingi kuliko kwa watu wa mahali pasipo machimbo, na tofauti kubwa zaidi ilikuwa kwa watoto. Ni rahisi kufahamu kwa nini: mtoto anacheza chini na anaweka mikono mdomoni.

Kuna mazoea yanayopunguza vumbi. Anayetoka kuchimba avue nguo za kazi nje, aoge, kisha abebe mtoto. Nguo zile zifuliwe peke yake. Mwaga maji kidogo kabla ya kufagia wakati wa kiangazi. Nawa mikono kabla ya kugusa bukari. Mawe ya madini yasilale ndani ya nyumba. Lakini angalia: ukimwaga maji weye peke yako na jirani anafagia pakavu, vumbi lake linakuja kwako. Mazoea haya yanafaa pale lupango nzima inakubaliana. Sisi tuliyazungumza kwenye likelemba, dakika kumi tu kabla ya kuhesabu franga.

Mboga ni vilevile. Lengalenga na majani mengine yanavuta madini kutoka udongoni kuliko nyanya. Kuosha majani kunaondoa vumbi la juu, lakini hakutoi kilichoingia kwa mizizi. Kwa hiyo mahali pa kulima ni muhimu kuliko maji ya kuoshea. Usilime karibu na mabaki ya mgodi wala usimwagilie maji yanayotoka huko. Ukiona kale kamaua ka zambarau, Haumaniastrum katangense, kanaota kwa wingi, ujue udongo ule una shaba nyingi. Peleka mbegu zako kwingine. Katika bustani ya kawaida, chokaa kidogo na mbolea ya takataka zilizooza vinapunguza ukali wa udongo na kushika shaba na kobalti zisipande kwa urahisi ndani ya mmea. Siye tulianza na vitanda vitatu nyuma ya nyumba. Tunamwagilia kwa zamu, na ile zamu inanitoa kitandani saa kumi na mbili asubuhi kuliko saa yoyote ya telefone.

Tusidanganyane, lakini. Likelemba haisafishi mto, na kunawa mikono hakumwondolei wajibu yule anayetimua vumbi kwa malori yake au anayemwaga maji machafu. Hayo tuyadai, na tukiwa wengi sauti inasikika zaidi. Tena jamii ina uzito wake: michango ya kilio inachosha, masengenyo yanaumiza, na kuna jamaa wanaokuita ndugu siku ya malipo tu. Nawafahamu lisansié wanaokimbia watu kwa sababu kila salamu inaishia na swali: "Kazi umepata?" Hata miye swali lile lilinifungia ndani.

Njo maana tulipoanza upya tuliongeza sheria moja katika likelemba yetu. Mtu asiye na franga anakuja hata na mikono mitupu. Zamu yake inasogezwa nyuma, hakuna anayemcheka. Asiyekuja bila kutoa habari, wawili wanakwenda kumwona siku ileile. Wakati ule niliona ni sheria ndogo ya bamama. Sasa naona ndiyo sehemu ya afya, kwa sababu mtu anakosa pesa na anaanza kuugua moyo wakati uleule, na ni wakati ule njo anajificha.

Mkitaka kuanza, msingoje kontra. Tafuteni watu sita au wanane mnaoishi karibu, muweze kufikiana kwa miguu. Mwendo wenyewe ni mazoezi. Wekeni kiasi ambacho hata mdogo wenu anaweza, hata franga 2,000. Chagueni siku moja na msiibadilishe. Kuleni kitu pamoja, hata kama ni mihindi ya kuchoma. Ongezeni jambo moja la afya: kitanda cha mboga, kupima tansio ya wazee, au kuangalia kama neti za watoto zimetoboka. Kisha andikeni ile sheria ya mikono mitupu juu kabisa ya daftari.

Yule mama bado anauza ndizi. Siku ya posho iliyopita hakuja. Tulikwenda wawili, tukamkuta amekaa na mjukuu mwenye homa, anahesabu kama franga zitatosha kupima. Safari hii miye njo nilipiga hodi.