Kifurushi cha Programu Kinavyosasishwa kwa Kazi ya Kujitolea Hadi Kufika Tumati

Kompyuta inayotumia mfumo endeshi wa Linux, iwe mjini Dodoma au katika kata ya Tumati mkoani Manyara, humletea mtumiaji wake ujumbe mfupi mara kwa mara kwamba yapo maboresho ya programu yanayosubiri kupakuliwa. Wapo wanaokubali papo hapo, na wapo wanaoahirisha kwa kuhofia kumaliza bando. Nyuma ya ujumbe huo kuna kazi ya watu wengi, sehemu kubwa yao wakiwa wa kujitolea, na mwananchi akiielewa kazi hiyo atajua pia kwa nini kuahirisha kwa muda mrefu ni hatari.

Neno kifurushi hapa halimaanishi kifurushi cha intaneti kinachonunuliwa kwa simu. Katika Linux, kifurushi ni faili moja lililobeba programu pamoja na maelezo ya namna ya kuisimika, toleo lake na programu nyingine inazozitegemea. Maelfu ya vifurushi yanapokusanywa, yakapatanishwa ili yafanye kazi kwa pamoja na kutolewa bure kwa umma, ndipo unapopatikana mkusanyo kama Debian au Ubuntu. Debian ilianzishwa na Ian Murdock Agosti 1993. Ubuntu, iliyoasisiwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, imejengwa juu ya vifurushi vya Debian. Toleo la 12 la Debian, lililotoka Juni 2023, lilikuwa na vifurushi zaidi ya 64,000.

Kila kifurushi huwa na mtunzaji, mtu mmoja au kikundi. Mwandishi wa programu akitoa toleo jipya, mtunzaji huchukua msimbo wake, hukagua mabadiliko na leseni, hupatanisha yale yanayogongana na vifurushi vingine, kisha hukiunda kifurushi upya na kukituma kikiwa na saini yake ya kidijitali. Hapo hakifiki moja kwa moja kwa mwananchi. Huingia kwanza katika ngazi isiyo imara, ambako wenye ujuzi hukitumia na kuripoti hitilafu. Kisipoonekana na kasoro kubwa kwa siku kadhaa, kwa kawaida kati ya 2 na 10 kulingana na uharaka, huhamia ngazi ya majaribio. Takriban kila baada ya miaka 2 ngazi hiyo hufungwa, husafishwa na kutangazwa kuwa toleo imara.

Jambo moja huwachanganya watumiaji. Katika toleo imara, tundu la usalama likigunduliwa, watunzaji mara nyingi hawaleti toleo jipya la programu. Hulichukua rekebisho lile peke yake na kulipandikiza katika toleo la zamani, ili tabia ya programu isibadilike ghafla mikononi mwa mtumiaji. Kwa hiyo mtu anayetazama namba ya toleo tu anaweza kudhani kompyuta yake imepitwa na wakati, kumbe tundu limekwishazibwa. Huduma hiyo nayo ina ukomo: kila toleo imara la Debian huhudumiwa kwa miaka 3, na mpango wa muda mrefu huongeza miaka 2. Baada ya hapo kompyuta huendelea kuwaka kama kawaida, lakini haina anayeilinda.

Udhaifu wa utaratibu huu uko kwa watu wenyewe, nao ulionekana wazi mwaka 2024. Programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo xz, iliyomo katika karibu kila seva ya Linux duniani, ilikuwa ikitunzwa kwa miaka mingi na mtu mmoja wa kujitolea aliyekwishachoka. Mtu aliyejitambulisha kwa jina la Jia Tan alijitokeza kumsaidia, akafanya kazi nzuri kwa zaidi ya miaka 2 hadi akaaminiwa, kisha akapenyeza mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Machi 29, 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alitangaza kuwa ameubaini. Alikuwa akifanya vipimo kwenye kompyuta yenye Debian ya ngazi isiyo imara, akaona kuingia kwenye seva kunachelewa kwa takriban nusu sekunde, akafuatilia sababu. Toleo imara la Debian halikuathirika, kwa kuwa kifurushi hicho kilikuwa bado kwenye ngazi za chini. Ngazi zile zilifanya kazi yake, ingawa ni haki kusema kwamba bahati nayo ilichangia.

Tanzania ina historia yake katika kazi hii. Mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu na maelekezo kwa Kiswahili. Yalikuwa mafanikio makubwa. Hata hivyo, tafsiri ya programu haiandikwi mara moja ikaisha. LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, hutoa toleo jipya takriban kila miezi 6, na kila toleo huja na maneno mapya yanayohitaji mfasiri. Lugha isiyo na watu wa kuyafuatilia hubaki nyuma, na Kiingereza hurudi kidogo kidogo kwenye menyu.

Hali ni hiyo hiyo kwa hunspell-sw, kifurushi cha Debian chenye kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Kamusi ya aina hiyo ikikaa miaka bila kuguswa, itatia mstari mwekundu chini ya neno kishikwambi, lililozoeleka nchini wakati wa Sensa ya mwaka 2022. Kifurushi kilichoachwa na mtunzaji wake huitwa yatima, na kisipopata mlezi kinaweza kuondolewa. Mlezi huyo hawezi kutarajiwa kutoka Ulaya. Lazima awe anayekijua Kiswahili.

Wakazi wa Mbulu na Hanang wanaoujua msaragambo hawatashangazwa na utaratibu huu. Anayeanza hahitaji kuwa mwandishi wa programu: anaweza kuripoti hitilafu kwa kueleza alichofanya, alichotarajia na kilichotokea, au kutafsiri maneno machache. Aliyekomaa huandaa kifurushi, na mwanachama wa Debian hukikagua na kukituma kwa niaba yake.

Kwa kompyuta za ofisi za umma, mabadiliko ya programu hufanywa na maofisa TEHAMA wa taasisi husika kwa kufuata miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Kwa kompyuta binafsi, mahali penye mtandao hafifu, maboresho yanaweza kupakuliwa mara moja Mbulu mjini, yakabebwa kwenye flashi na kusimikwa katika kompyuta kadhaa. Orodha rasmi ya vifurushi, iliyotiwa saini na Debian, ibebwe pamoja navyo, ili kompyuta ikilinganishe kila kifurushi nayo na kukikataa kilichochezewa njiani.